Mbwa wa Mama Nomin

Sharav alisimama nje ya lango la boma lake mwenyewe, ufunguo mkononi, akaita kama anavyoita mgeni yeyote: "Mshikeni mbwa."

Hiyo ndiyo hodi ya huku. Watu huiita hata penye boma lisilo na mbwa, na mwenye adabu zake hasogezi mguu mpaka atoke mtu ndani, amshike mnyama shingoni na kusema, nimemshika, ingia. Shida ilikuwa kwamba ndani hapakuwa na mtu wa kutoka. Mkewe alikuwa Incheon, kule Korea, binti yake alikuwa Incheon, na mwenye nyumba ndiye huyu aliyesimama nje na mkoba wake wa safari, nyusi zimeganda barafu, akisikiliza kifua kikubwa kikianza kunguruma nyuma ya mbao.

Aliita tena, maana hakujua afanye nini kingine. Jirani yake, Dada Badam, bibi aliyekwisha kuzika mume na kuoza watoto, akachungulia juu ya uzio, barakoa imemwangukia kidevuni.

"Unamwita nani, mdogo wangu? Mwenyewe si ndiye wewe?"

"Huyu mbwa hanijui."

"Atakujuaje? Hata mimi nimekujua kwa hiyo kofia tu." Akamwonyesha kwa kidevu upande wa choo. "Pita kule. Mnyororo haufiki."

Hivyo ndivyo Sharav alivyorudi nyumbani mwaka ule wa maradhi: mgongo kwenye uzio, tumbo limevutwa ndani, mkoba juu ya kichwa, akipenya nyuma ya choo kama mwizi, na mbwa, Basar, amesimama kwa miguu ya nyuma mwisho wa mnyororo, mate yakimganda midomoni.

Maisha yake yote ya utu uzima alikuwa ameyaweka barabarani. Alipeleka makaa ya mawe kwa lori kwenye mpaka wa kusini, akarudi na saruji, nondo, machungwa, chochote kilichoweza kufunikwa turubai. Nyumbani alipita kama mtu anavyopita kituo cha mafuta: akala, akalala, akabadilisha soksi. Mkewe Yanjmaa alikwisha kuzoea. Nomin, binti yao, alipokaribia kujifungua kule Korea, mama akapanda ndege kwenda kumwogesha mjukuu miezi michache ya mwanzo. Ndege zikasimama, na ile miezi michache ikawa mwaka. Mbwa alikuwa wa Yanjmaa. Alimleta angali mdogo wa kulala ndani ya kofia, akamlea mpaka akawa dubu huyu mweusi mwenye madoa mawili ya kahawia juu ya macho; na alipokwama ugenini, Dada Badam akawa anamrushia mifupa juu ya uzio. Kwa akili ya Basar, Sharav alikuwa mtu anayekuja mara chache, ananuka dizeli, kisha haonekani. Mtu wa aina hiyo mbwa hana sababu ya kumwamini.

Sasa mpaka ulikuwa umefungwa. Madereva waliambiwa waegeshe malori, wapimwe, warudi makwao wakae. Mtaani ilisemwa kwamba maradhi yameingia na madereva, na waliokuwa wakisema hivyo walivuka upande wa pili wa njia walipomwona Sharav akivuta mkokoteni wake wa maji. Hakuwalaumu. Yeye mwenyewe angevuka, kama angekuwa na njia ya kuvukia.

Basi wakabaki wawili ndani ya uzio mmoja, mtu na mbwa, wasiopendana.

Baridi ya mwaka ule haikuwa na huruma. Moshi wa majiko ya vilima vyote ulilala juu ya mji kutwa, jua likaonekana kama sarafu ya shaba iliyozama kwenye maji machafu. Asubuhi Sharav alizoa majivu, akawasha jiko la katikati ya hema la sufu walimoishi, akachemsha chai ya maziwa na chumvi, akatoka kurusha upawa wa kwanza kuelekea mbinguni kama sadaka, kwa kuwa mkewe alimsisitizia asiache. Kisha akamkorogea mbwa mchuzi wa mifupa na unga. Hapo ndipo vita vilipoanza. Aliisukuma sufuria kwa sepetu, kwa mbali, akisimama kama mtu anayetoa mkate kwenye tanuri. Basar hakuwa tayari kula mpaka Sharav ageuke. Sharav naye hakuwa tayari kugeuka mpaka Basar ale, kwa sababu hakutaka kumpa mgongo mnyama kama yule. Wakatazamana. Mchuzi ukaacha kutoa mvuke, ukapata ngozi ya mafuta juu, ukaganda. Kila siku mmoja wao alishindwa, na mara nyingi hakuwa mbwa.

Yanjmaa alipiga simu ya video kila alasiri. Alimuuliza mumewe habari kwa maneno mawili matatu, kisha akasema, haya, nimwone Basar. Siku moja, Mungu ajuaye ni shetani gani aliyemtuma, Sharav akamwambia kwamba mbwa sasa anakula mkononi mwake.

"Mkononi mwako wewe?"

"Kama mtoto."

"Basi msogelee nimtazame."

"Amelala. Mwache apumzike."

"Baba Nomin," mkewe akasema, "naona mkia. Amesimama."

Aibu ya siku ile ndiyo iliyomfanya Sharav afungue sanduku na kulitoa joho la mkewe la ngozi ya kondoo, lile la buluu lililoshika harufu ya maziwa na sabuni yake. Akalivaa. Mabega hayakuingia vizuri, na mikono ilimwishia karibu na viwiko, lakini akatoka nalo uani, ameinamisha kichwa, akienda kwa hatua ndogondogo kama za Yanjmaa. Basar akaacha kubweka katikati ya mbweko. Akaja, kichwa chini, akitoa sauti nyembamba ambayo Sharav hakuwahi kujua kwamba inaweza kutoka kwenye mwili ule. Akaitia pua yake kwenye kifua cha joho akavuta pumzi, akavuta tena, na tena. Sharav alisimama kama gogo. Kisha mbwa akainua macho akamwona usoni.

Hakumuuma. Alirudi nyuma taratibu, kama mtu aliyemgusa bega mtu baki njiani akidhani ni ndugu yake, akaenda kujikunja kwenye theluji, akampa mgongo.

"Yanjmaa, shoga yangu," ikasema sauti ya Dada Badam juu ya uzio, "mbona Korea wamekuotesha ndevu?"

Bibi yule alicheka siku kadhaa, na Sharav akajifanya kucheka naye. Kubwekewa alikwisha kuzoea. Aliweza hata kulala katikati yake. Ni ule mgongo uliomkaa rohoni. Alilirudisha joho sandukuni na hakulitoa tena.

Hema la duara halina pembe ya kujificha wala ukuta wa kuuendea. Sharav alilizunguka jiko kutoka mlangoni kurudi mlangoni, kama farasi aliyefungwa kwenye kigingi. Alirekebisha kisichoharibika. Alifungua redio akaifunga. Alihesabu kwa kumbukumbu vituo vya njia ya kusini, mahali penye chai nzuri, mahali ambapo ngamia hulala barabarani usiku, kona ambayo upepo huinua turubai hata ulifunge vipi, na alipofika mpakani katika mawazo yake aligeuza lori akarudi, kwa sababu hakutaka kufika. Watu wengine hukaa mahali wakatulia kama maji kwenye birika. Yeye alikuwa mmoja wa wale ambao miguu huwawasha wakisikia injini ya jirani ikiwashwa. Aliwahi kumwambia mkewe, zamani, kwamba akiugua asilazwe chumba ambacho dirisha lake halifunguki. Yanjmaa alimjibu kwamba yeye amelala chumba cha namna hiyo miaka yote, kinaitwa kungoja.

Mwezi Mweupe ulipokaribia, mwaka mpya ambao mwaka huo watu walikatazwa kutembeleana, Gombo akapiga simu. Gombo alikuwa dereva mwenzake, mtu wa kusema kwa sauti ya honi hata akiwa kitandani. Alimpa habari kwa ufupi: malori machache yataruhusiwa kushuka kusini baada ya sikukuu, madereva watapimwa, asiye na maradhi anapewa kibali siku hiyo hiyo. Jina la Sharav alikwisha kulipeleka.

"Ukiondoka huku," Gombo akasema, "hurudi mpaka majira ya joto. Tunalala mpakani. Una mtu wa kukushikia nyumba?"

"Nina mbwa."

"Basi huna mtu."

Sharav alikata simu akakuta amekwisha kuvaa viatu. Kitu kimoja tu kilikuwa kati yake na barabara, nacho kilikuwa nje, kimefungwa mnyororo, kinasubiri mchuzi.

Alianza na Dada Badam. Alimpelekea uzioni paja la kondoo la sikukuu, akamzungusha kwa maneno, akamkumbusha alivyomlisha Basar mwaka mzima bila kuchoka. Bibi alilipokea paja, akalipima uzito kwa mkono, akalirudisha.

"Nilimlisha kwa ajili ya Yanjmaa," akasema. "Yanjmaa alikwama. Wewe hujakwama, mdogo wangu. Wewe unakimbia."

"Nakwenda kazini, dada."

"Nimesema nini mimi?" Akashuka kwenye ndoo aliyokuwa amesimamia, hakuonekana tena.

Sharav alimwambia mkewe siku ile ile, kwa sababu si mtu wa kusema uongo mara mbili. Yanjmaa alikuwa amempakata mjukuu. Alisikiliza mpaka mwisho, akampangusa mtoto mdomo, akampangusa tena pale pale palipokwisha kupanguswa.

"Kama unaondoka, mfungulie," akasema hatimaye. "Asinifie kwenye mnyororo."

Wote wawili walijua mbwa aliyefunguliwa hufika wapi. Baridi ile mbwa wasio na wenyewe walizagaa kwenye majalala, na watu wa bunduki walipita na gari la wazi kuwapunguza. Yanjmaa alikuwa amechagua risasi badala ya njaa, na alikuwa amechagua bila kulia, mbele ya mumewe, na mumewe hakuthubutu kumwambia asante wala pole.

Asubuhi iliyofuata Sharav alitoka kumfungulia. Alikwenda na pande la nyama katika mkono mmoja, koleo katika mwingine, glovu mbili mbili. Kifungio kilikuwa shingoni, chini ya manyoya. Kuukata mnyororo upande wa nguzo ni kumwachia mnyama akaburute chuma na kujinyonga kwenye uzio wa watu, na hilo hakulitaka. Basi akamwendea kwa upole, akamwendea kwa ukali, akaimba hata ule wimbo usio na maneno ambao wafugaji huwaimbia kondoo wanaokataa watoto wao. Basar alichukua nyama. Mkono aliukataa. Kila vidole vilipokaribia shingo, midomo ilijikunja na meno yakaonekana hadi kwenye fizi. Jua lilipanda, likashuka, na Sharav akaketi juu ya gogo la kupasulia kuni, akapumua mawingu. Kilikuwa kichekesho kisicho na mchekaji. Hata kumtelekeza mbwa yule, ilimbidi kwanza akubaliwe naye.

Siku hiyo alikaa nje muda mrefu mno. Au pengine aliyapata maradhi kwenye foleni ya maji. Huku nani ajuaye. Siku ya kufunga mwaka, ambapo kila mtu hula mpaka ashibe ili mwaka mpya usimkute na njaa, alijitengenezea buuz peke yake, akazikunja vibaya, nyama ikachomoza kwenye unga kama vidole kwenye soksi iliyotoboka. Alizipika kwa mvuke, akaiweka ya kwanza mdomoni. Haikuwa na ladha. Akaongeza chumvi, akaongeza tena. Ulimi haukujua chochote.

Alielewa pale pale, na jambo la kwanza alilofikiri halikuwa kifo. Alifikiri kibali. Wakimpima sasa, lori litaondoka na mtu mwingine, naye atafungiwa kwenye chumba chenye dirisha lisilofunguka. Akiwa kimya, akijifukiza, akinywa supu ya mkia wa kondoo, huenda ikapita kabla ya siku ya kupimwa. Akamrushia Basar zile buuz zote, akazima simu, akajifunika.

Homa haikusoma ratiba ya malori. Ilimpanda kifuani ikaketi.

Watu walikuja. Mama wa kamati ya mtaa alikuja na unga na barakoa za kugawa, akasimama langoni, akaita, mshikeni mbwa. Muuza makaa akapita, akaita. Mzee mmoja wa kilimani, aliyekatazwa kutembea lakini hakuweza kuacha sikukuu ipite bila kumsalimu mtu japo kwa sauti, naye aliita. Basar aliwajibu wote kwa kifua kizima. Wote wakangoja kwa kadiri ya adabu yao, wakasikia hakuna anayetoka, wakaondoka, wengine wakaacha vitu juu ya mwamba wa lango. Hakuna aliyekosa utu. Mbwa ana sauti, basi analishwa. Analishwa, basi mwenyewe yumo. Yumo na hatoki, basi hataki kuonana na watu, na mwaka ule nani aliyetaka? Mtu kupenya boma la mwenziwe kwa kumzunguka mbwa ni jambo la wezi. Hata kama wangeijua njia ya nyuma ya choo, wasingeipita.

Sharav aliwasikia kutoka kitandani. Mwanzoni alifurahi. Alimshukuru Basar kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akamwona askari mwaminifu anayefukuza wapimaji. Kisha jiko likazimika, na hakuweza kusimama kulichochea. Baridi iliingia kwanza kwenye ndoo ya maji, ikaingia kwenye birika, ikaja kitandani. Alipojaribu kumwitikia mtu langoni, sauti yake ilifika kwenye sufu ya hema ikaishia humo, kama maji kwenye mchanga.

Kilichomwinua haikuwa hofu. Ilikuwa sauti ya sufuria. Nje, Basar alikuwa akilamba sufuria tupu, na bati likiburutwa juu ya barafu kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kwa subira ya mnyama asiyejua kwamba ndani ya chombo hamtakuja kitu. Hakubweka, hakulia. Aliendelea tu kulamba. Sharav alisikiliza muda mrefu, na ikamjia kwamba Yanjmaa aliisikia sauti kama hiyo miaka yote, ya chombo kinacholambwa kikiwa kitupu, na kwamba aliyekuwa akilamba alikuwa yeye Yanjmaa. Akajishikilia kwenye nguzo ya katikati. Akaanguka. Akainuka kwa magoti. Nyama ilikuwa kwenye sanduku nje ya mlango, na mlango ulikuwa mbali kama mpaka.

Alikuwa amefika kizingitini aliposikia mngurumo wa gari na sauti ngeni ya mwanamke kijana.

"Mshikeni mbwa. Mzee Sharav? Mimi daktari wa mtaa. Jirani yako anasema bomba lako halitoi moshi. Mshike mbwa, baba, tuingie."

Basar aliruka akavuta mnyororo mpaka ukalia. Nje ya lango walisimama watu wawili waliovaa nguo nyeupe za kujikinga kutoka kichwani hadi miguuni, wasio na sura wala harufu ya binadamu, na mbwa aliwachukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote. Hapakuwa na kupita. Sharav alijua vilevile kwamba akinyamaza wataita tena, watangoja, na hatimaye watafanya lile ambalo watu wa serikali hufanya mbwa anapowazuia: watapiga simu, na gari la wazi litakuja.

Alitoka kama alivyokuwa, na shati la ndani na soksi. Baridi ilimpiga kofi akasahau alikuwa akielekea wapi, akakumbuka. Alikwenda kwa magoti na viganja. Hakuwa na nyama mkononi, hakuwa na sepetu, hakuwa na joho la mtu. Basar akageuka akamwona, manyoya yamesimama mgongo mzima, akaja kwake kwa kasi, na Sharav, ambaye hakuwa na nguvu hata ya kuogopa, akanyoosha mkono kama mtu anayetafuta ukuta gizani, akaushika ule ukanda wa shingo.

Mbwa akakakamaa. Ngurumo ilipita kutoka kifua chake kuingia kwenye mfupa wa mkono wa Sharav. Pua ikaja usoni kwake, ikamnusa mdomo, ikamnusa macho, ikashuka shingoni palipokuwa na jasho la homa linaloganda. Ilikaa hapo. Vidole vya Sharav vilikuwa juu ya kifungio. Alikitambua kwa kukigusa, kile kipande cha chuma alichokiwinda siku nzima na koleo. Kilikuwa rahisi. Kilihitaji kidole gumba tu. Akakipita, akaingiza vidole ndani zaidi, kwenye manyoya ya chini yaliyokuwa na joto kama mkate uliotoka jikoni.

"Nimemshika," akasema. Hawakumsikia. Akakusanya pumzi. "Nimemshika. Ingieni."

Wakaingia. Basar alitetemeka mwili mzima walipompita, lakini hakuruka. Alimwegemea Sharav kwa uzito wake wote, na ule uzito ndio uliomzuia mtu yule asianguke kifudifudi.

Daktari alimpima hapo hapo uani, maana hakuna aliyetaka amwachie mbwa. Akambana kidole kwa kamashine ka kupimia pumzi, akasoma, akamtazama mwenzake. Alisema maneno ya kawaida, kwamba mapafu yamechoka, kwamba lazima waende sasa hivi. Machela ikaletwa. Sharav akaitazama, akamtazama mbwa, na daktari naye akaelewa: mgonjwa akilala kwenye machela, nani atamshika mbwa wapite? Machela ikatangulia tupu. Sharav alimshika mbwa mpaka waokoaji wake wakatoka langoni, ndipo akamwachia, polepole, kidole baada ya kidole, akaegemea nguzo, akaanza kutembea. Akapita katikati ya boma, juu ya njia iliyonyooka. Basar alimfuata mpaka mnyororo ulipokoma.

Dada Badam alikuwa nje ya lango lake, amejitanda shali, na kwa mara ya kwanza hakuwa na neno la kuchoma. Sharav akaanza kumweleza. Alimwambia kwamba mbwa hali chakula mtu akimtazama, ageuke. Mchuzi usiwe wa moto. Mfupa wa shingo unamkwama, ampe wa goti. Akibweka mara moja na kunyamaza ni paka, akibweka bila kukata ni mtu. Upepo ukitoka kaskazini hulala upande wa kuni, amwekee gunia huko. Hakujua kwamba anayajua yote hayo. Maneno yalimtoka kwa pumzi fupifupi, moja likilisukuma jingine, na daktari amemshika kwapani akisubiri.

"Nimekusikia," bibi akasema. "Nenda, mdogo wangu."

"Na usimwambie Yanjmaa."

"Nitamwambia kila kitu. Nenda."

Gari lilikuwa lile la Kirusi lenye umbo la mkate, injini inaunguruma. Walimkalisha karibu na mlango, wakamfunika mablanketi mawili. Dereva, yule mwenzake daktari, mtu wa makamo ambaye macho yake tu ndiyo yaliyoonekana, akaingiza gia.

"Ngoja kidogo," Sharav akasema.

Dereva akangoja. Injini ilitikisa vioo. Nje hapakusikika kitu kingine.

"Unangoja nini, baba?" daktari akauliza, si kwa ukali.

Sharav alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea mlangoni, amefumba macho, akitafuta sauti ya Basar chini ya kelele zile, na alikuwa haipati. "Kaka," akamwambia dereva, "izime."

Katika baridi ile hakuna dereva anayezima injini. Ikipoa, huenda isiwake tena mpaka uwashe moto chini yake. Hilo wote wawili walilijua kuliko walivyojua majina ya watoto wao. Dereva alimtazama kwenye kioo, akaitazama mikono yake juu ya blanketi, mikono iliyoota sugu pale pale ilipoota ya kwake mwenyewe.

Akageuza ufunguo. Injini ikakohoa, ikanyamaza, na kilima kizima kikawa kimya. Watu watatu wakakaa wakitazama pumzi zao zikiganda juu ya kioo.